Mashine ya rola tatu: mwongozo kamili wa kusaga wino, rangi na dawa ya kupaka

Mimina unga wa wimbi wote kwa mkupuo mmoja kwenye maji yanayochemka, halafu ukoroge. Utapata madonge. Lipasue moja kwa kijiko: nje limeiva na linateleza, ndani ni unga mkavu kama ulivyotoka kwenye pakiti. Kukoroga zaidi hakusaidii, maana donge linaelea na kuzunguka pamoja na uji. Mpishi anayejua hulibana donge kwa mgongo wa mwiko kwenye ukuta wa sufuria na kulivuta. Hapo ndipo linapopasuka.

Mashine ya rola tatu ni mgongo wa mwiko uliotiwa mota. Haikuundwa kuponda chembe. Chembe ya titani dioksidi, ule unga mweupe wa rangi, tayari ina upana wa mikroni 0.2 hadi 0.3 inapotoka kiwandani, na masizi ya wino mweusi ni madogo kuliko hapo. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kazi ya rola ni kuzitenganisha chembe zilizoshikana, kuulowesha uso wa kila moja kwa mafuta au vanishi, na kuzitawanya.

Nimeshika kazi hii Viwandani hapa Nairobi kwa miaka mingi, kwanza kwenye wino wa kuchapia na baadaye kwenye dawa za ngozi. Wengi wanaoniita kutazama mashine "iliyoharibika" huwa mashine yao ni nzima. Kilichoharibika ni rojo waliyoiandaa: imelegezwa mno kabla ya kusagwa, au imepashwa moto na rola zisizopozwa, au imekorogwa haraka kama uji wa mtu aliyechelewa. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa sana kwenye mambo hayo.

Rojo inavyosafiri

Rola tatu zimelala sambamba. Ya nyuma ni ya kulishia, kisha ya kati, kisha ya mbele ambayo ni ya kutolea, na kisu kirefu kimeiegemea. Kila rola inazunguka kinyume na jirani yake, na kila moja ina kasi kuliko iliyo nyuma yake. Uwiano wa kawaida kwenye mashine ndogo ni 1:3:9.

Unaweka rojo juu, kwenye bonde kati ya rola ya kulishia na ya kati. Vibao viwili vya pembeni vinaizuia isimwagike. Rola hizo mbili zinaivuta kwenda chini kupitia mwanya wa kwanza. Ikitoka upande wa chini utando unagawanyika: sehemu inabaki kwenye rola ya kulishia na kurudi bondeni, na sehemu inang'ang'ania rola ya kati yenye kasi zaidi. Sehemu hii inapita chini ya rola ya kati na kupanda kwenye mwanya wa pili. Pale utando unagawanyika tena. Ulioshika rola ya kutolea unakwenda hadi kwenye kisu na kuteremka kwenye sinia, uliobaki kwenye rola ya kati unarudi bondeni kuanza upya.

Nguvu inazaliwa kwenye tofauti ya kasi. Chukua mashine ya meza yenye rola za kipenyo cha milimita 80, ya kulishia ikizunguka mara 60 kwa dakika, ya kati 180, ya kutolea 540. Nyuso zake zinakwenda mita 0.25, 0.75 na 2.26 kwa sekunde. Weka mwanya wa kwanza mikroni 45 na wa pili 15. Ukiigawa tofauti ya kasi kwa upana wa mwanya, unapata kasi ya kuchana ya takriban 11,000 kwa sekunde kwenye mwanya wa kwanza na 100,000 kwenye wa pili. Ni mara tisa. Mwanya wa kwanza unaandaa, wa pili ndio unaofanya kazi yenyewe.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini mafundi huweka mwanya wa kwanza mara tatu ya wa pili. Wa pili ni mwembamba mara tatu, lakini nyuso zake zina kasi mara tatu, hivyo kinachoingia na kinachotoka vinakaribia kulingana. Ukiilinganisha mianya yote miwili, wa pili unaletewa rojo pungufu kuliko inayoweza kupita humo.

Sasa shika jambo moja ambalo mengine yote yanalitegemea. Nguvu inayolipasua donge ni kasi ya kuchana ikizidishwa na mnato wa rojo. Mashine inakupa kasi ya kuchana. Mnato unaleta wewe. Rojo nzito inalishika donge kwa mikono miwili na kulichana, rojo nyepesi inaliacha liteleze. Ukimwaga mafuta ili "ipite vizuri", umepunguza kazi ya mashine kwa kiwango kile kile ulichopunguza mnato. Joto linafanya uharibifu huo huo bila wewe kumwaga chochote.

Kabla ya kuwasha

Mashine nyingi zinazofika karakana ndogo zimeshatumika kwingine, basi zikague. Zima stima, safisha rola, zisogeze hadi zigusane kwa upole, kisha mwombe mwenzako amulike tochi kutoka chini huku ukitazama juu. Mwanga ukipenya sawasawa kama uzi mwembamba, au usipenye kabisa, ni vizuri. Ukiona mwanga katikati tu au upande mmoja tu, rola zimelika au hazikukaa sambamba. Rola ndefu mara nyingi huchongwa zikiwa na tumbo dogo katikati ili zikipinda kwa shinikizo zinyooke, kwa hiyo muulize muuzaji kabla ya kuikataa mashine. Pitisha ukucha juu ya uso wote. Kishimo unachokisikia kwa ukucha kitakuwa ghala la rangi ya jana.

Rola hizi zina uwazi ndani ili maji ya kupoza yapite. Yapitishe kwa nusu saa na utazame viungio vya ncha zote. Maji yanayovujia kwenye wino wa mafuta yanaweza kuiharibu ndoo nzima.

Kisha kuna jambo la stima ambalo limewaumiza watu. Mashine kubwa hutumia fezi tatu, na fundi akizibadilisha waya mbili kati ya hizo, mota inazunguka kinyumenyume. Kwa kawaida mwanya wa kwanza ndio unaovuta kutoka juu, na wa pili unavuta kutoka chini. Mota ikigeuka, ule wa pili ndio unaoanza kuvuta kutoka juu, mahali ambapo mfanyakazi amezoea kupaona salama. Kila baada ya kazi ya stima, au mashine ikihamishwa, fungua mianya yote, iwashe kwa sekunde moja ikiwa tupu na uangalie mwelekeo.

Mikono yako

Nyuso mbili zinazoingia pamoja hazimwachi mtu. Zikishika ncha ya kidole zinachukua mkono, na hakuna nguvu za kibinadamu zinazoweza kuvuta kinyume chake. Vua pete, saa na kitambulisho cha shingoni. Funga nywele. Leso na shati la mikono mirefu vikae mbali. Glavu zilizolegea ni hatari kuliko mkono mtupu, kwa sababu glavu inashikwa kabla hujahisi chochote.

Baa ya kusimamishia dharura ijaribiwe kila asubuhi kabla rojo haijawekwa, na mtu wa pili anayejua ilipo awepo karibu. Rojo iliyokwama bondeni isukumwe kwa mwiko wa plastiki laini au mbao, ambao ukivutwa utaharibika wenyewe bila kukuvuta. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye karakana azikinge sehemu hatari za mashine, na kinga ya bonde ndiyo ya kwanza wanayoing'oa watu wenye haraka. Irudishe.

Mchanganyiko wa awali

Hapa ndipo siku inaposhindwa au kufaulu.

Chekecha unga kwanza, hata kama gunia ni jipya. Misumari, nyuzi za gunia na vipande vya karatasi vinakwaruza rola ambazo kuzichonga upya ni gharama kubwa. Weka kwenye ndoo theluthi mbili hivi ya vanishi au mafuta yaliyomo kwenye fomula yako, sio yote. Ongeza unga kwa mafungu, kila fungu lisubiri lililotangulia lilowe na kupoteza ukavu wake. Masizi na unga mwingine laini sana hubeba hewa nyingi, ndiyo maana yanaelea na kuruka. Vaa barakoa ya vumbi inayobana uso, na ukoroge polepole hadi unga wote uzame kabla ya kuongeza kasi.

Rojo iliyo tayari inasimama ukiichota kwa mwiko na inaanguka kwa kipande kizito kinachong'aa. Ikichuruzika kama asali ya moto, unga hautoshi. Ikivunjika kama udongo, bado haijalowa. Ikibidi, ifunike na uiache usiku kucha. Nimekuta mara nyingi kwamba rojo iliyolala inapita mara moja pungufu kwenye rola, na usiku haulipiwi stima.

Mafuta yaliyobaki yanaingia mwishoni, baada ya kusaga. Yaongeze kidogo kidogo juu ya rojo ukiendelea kukoroga. Ukifanya kinyume, yaani kuitumbukiza rojo yote kwenye mafuta mengi, chembe zinaweza kurudi kushikana na kazi ya asubuhi nzima ikapotea mbele ya macho yako.

Kuwasha na kuweka mianya

Anza mianya ikiwa wazi na kisu kikiwa mbali na rola. Washa maji ya kupoza, washa mashine kwa kasi ndogo, weka rojo bondeni kwa urefu wote. Kisha ndipo ufunge mwanya wa kwanza polepole hadi utando uonekane kwenye rola ya kati, halafu wa pili hadi uonekane kwenye rola ya kutolea. Kisu kinakuja mwisho, kikiegemea rola iliyokwisha lowa. Kisu kwenye rola kavu kinakula chuma, na chuma hicho kinaishia kwenye bidhaa. Rola zenyewe zisifungwe kamwe zikiwa kavu.

Kisu kiguse kwa uzito mdogo unaotosha tu kuondoa utando. Mistari ikitokea kwenye sinia, usikikaze. Kitoe ukifute, kwa kawaida ni punje iliyokaa kwenye ncha yake.

Sasa tazama utando. Namba za kwenye gurudumu au skrini zinakupa makadirio, lakini utando ndio unaosema kweli. Unapaswa kuwa na kivuli kimoja kutoka ncha hadi ncha. Upande wa kushoto ukiwa mzito kuliko wa kulia, kaza kushoto kwa robo ya robo ya mzunguko, subiri rola izunguke kwa nusu dakika, tazama tena. Ukiwa mzito katikati na mwembamba ncha zote, umebana kupita kiasi na rola zimepinda, basi legeza. Ukiwa mwembamba katikati huku mashine imefanya kazi saa nzima, rola zimepata joto na kuvimba. Ongeza maji ya kupoza kabla ya kugusa gurudumu.

Mpito wa kwanza, yaani mara ya kwanza rojo kupita kwenye rola, mimi huuweka mikroni 90 kwenye mwanya wa kwanza na 30 kwenye wa pili; halafu mpito wa pili 45 na 15, wa tatu 30 na 10, na pale wino unapodai, 15 na 5. Rojo nyingi nzuri zinamalizwa kwa mipito miwili au mitatu. Kuanza na mwanya mwembamba moja kwa moja kunaonekana kuokoa muda, ila madonge makubwa yanakataa kuingia, yanabaki yakicheza bondeni, na unachokiona kikitoka mbele ni mafuta yenye unga kidogo. Mwishowe bonde linabaki na tope kavu na ndoo ina wino uliopauka.

Rojo iliyo karibu kabisa na vibao vya pembeni haibanwi sawasawa na ya katikati. Inayotoka kwenye ncha mbili za kisu, upana wa vidole viwili kila upande, iweke pembeni na uirudishe kwenye mpito unaofuata.

Kuhusu joto: asubuhi ya Julai Nairobi, vanishi inakuwa nzito hadi inakaa bondeni bila kuvutwa, na mafuta ya mgando yanakuwa kama sabuni. Usiongeze mafuta. Ilaze ndoo kwenye maji ya uvuguvugu, au pitisha maji ya uvuguvugu ndani ya rola kwa dakika kumi, kisha rudisha ya baridi mara rojo inapoanza kutembea. Saa saba mchana chini ya mabati, tatizo linageuka. Tangi lenye pampu ya kuzungusha maji linatosha kwa mashine ndogo, mradi likae kivulini, na linakuepusha na siku za mgao ambapo mfereji unakauka katikati ya kazi.

Stima ikipotea rojo ikiwa ndani, fungua mianya kwa mkono mara moja, kisha zima swichi kuu. Usiiache mashine ikisubiri kujiwasha yenyewe stima ikirudi.

Kupima

Mwanya wa mikroni 15 hauna maana kwamba chembe ni za mikroni 15. Madonge laini yanapasuka kuwa madogo kuliko mwanya, na punje ngumu inaweza kuzisukuma rola na kupita ikiwa nzima. Ndiyo maana kuna grindomita: kipande cha chuma chenye mifereji inayoanza na kina fulani upande mmoja na kuishia sifuri upande wa pili. Kwa wino tafuta ya mikroni 0 hadi 25. Kwa rangi, ile ya 0 hadi 100.

Weka tone upande wa kina, shika kibapa chake, kile kipande bapa cha kukwangulia, wima kwa mikono miwili, kivute hadi mwisho kwa sekunde moja au mbili bila kusita. Tazama papo hapo, ndani ya sekunde tatu, jicho likiwa limeinama kwa pembe ya nyuzi 20 hadi 30, maana utando ukianza kukauka unadanganya. Tafuta mahali ambapo ndani ya ukanda wa milimita 3 zinaonekana punje tano hadi kumi. Soma namba hapo. Punje moja moja zilizotangulia usizihesabu. Rudia mara tatu.

Watu wa rangi huongea kwa kipimo cha Hegman, ambacho kinakwenda kinyume: 0 ni mikroni 100, 4 ni 50, 6 ni 25, na 8 ni sifuri. Ukiambiwa "saba", ni mikroni 12.5. Hakikisha wewe na mnunuzi mnatumia lugha moja kabla ya kubishana.

Wino

Wino wa ofseti, ule wa kuchapia kwa pleti, ndiyo kazi ambayo rola tatu zinaiweza kikamilifu. Ni mzito, hauna kimiminika kinachoruka hewani haraka, na unataka usagaji wa chini ya mikroni 10, mara nyingi 5. Utando wa wino kwenye karatasi wenyewe una unene wa mikroni chache tu, hivyo punje kubwa inasimama juu yake kama jiwe barabarani, inakwaruza pleti na kuacha doa jeupe kwenye kila nakala. Wachapaji wa River Road wanaoshika mabango ya uchaguzi wanalijua doa hilo, na hawarudi kwa aliyewauzia.

Masizi, yakiwa takriban moja ya tano ya uzito au pungufu, yakorogwe na vanishi ya resini na mafuta ya kitani au ya madini. Mipito mitatu. Baada ya mpito wa pili wino mweusi unabadilika sura: weusi wa majivu unakuwa weusi wenye kina, na uso unameta kama ngozi iliyopakwa mafuta. Nimeshaona hilo mara nyingi na bado nasimama kulitazama. Vikausho vya kobalti au manganizi vitie mwishoni kabisa, baada ya kusaga, kwa sababu ukivipitisha kwenye rola zenye joto na hewa wino utaanza kuota ngozi kabla haujafika kwa mchapaji.

Rangi

Rangi ya maji ya ukutani usiilete hapa. Hiyo hutengenezwa kwa mkorogaji wa sahani ya kasi kubwa, na juu ya rola maji yake yatakauka tu. Hata rangi ya mafuta iliyokwisha tiwa tina, kile kimiminika cha kuilegezea, haifai: tina inaruka hewani, chumba kinajaa mvuke unaoshika moto, na rojo inagandamana juu ya chuma. Viwanda vikubwa vilihamia kwenye mashine za shanga, zinazosaga kwa kukoroga rojo pamoja na vipira vidogo vigumu, tangu katikati ya karne ya 20, na kwa mapipa ya rangi ya nyumba walifanya sawa.

Rola zinabaki na nafasi yake kwenye rojo ya rangi iliyokolea, ile inayotumiwa baadaye kupaka rangi kopo zima, na kwenye rangi za mafuta za wachoraji. Saga unga na resini ya alkidi au mafuta ya kitani bila tina, kisha tina iingie wakati wa kulegeza, kwenye chombo kilichofunikwa. Rangi ya kwanza ya kupigia msasa inatosha ikifika Hegman 4. Ya kung'aa inataka 7, na jicho la mteja litaona tofauti hiyo kwenye mlango wa chuma saa nne asubuhi jua likiupiga ubavuni.

Unga wa manjano na mwekundu wa bei ya chini uulizie karatasi zake. Baadhi ni kromati ya risasi. Kiwango cha juu cha risasi kinachokubaliwa kwenye rangi nchini ni sehemu 90 kwa milioni, na hakuna usagaji unaoweza kuitoa risasi iliyokwisha ingia. Anayeivuta kwanza ni wewe unayemimina gunia.

Dawa ya kupaka

Usitumie mashine iliyosaga wino au rangi kusaga dawa, hata ukiisafisha wiki nzima. Rola za dawa ziwe za chuma cha pua au kauri. Nilijifunza sababu yake mapema. Tulikuwa tukisaga dawa ya mba na mashilingi, ile yenye asidi ya benzoi asilimia 6 na asidi ya salisili asilimia 3, na fundi akabadilisha kisu kilichovunjika kwa kisu cha chuma cha kawaida. Marhamu iliyoingia nyeupe ilitoka na wekundu wa zambarau. Asidi ya salisili ikikutana na chuma hufanya rangi hiyo. Tulitupa yote, kilo kwa kilo, na mpaka leo nauliza kisu kimetengenezwa na nini kabla ya kuuliza bei ya mashine.

Mfano mzuri wa kuanzia ni marhamu ya zinki oksidi ya asilimia 20. Kwa kilo 20 unahitaji kilo 4 za zinki oksidi, kilo 3 za parafini ya maji (ile ya dawa, mtu asikuletee mafuta taa), na kilo 13 za marhamu nyeupe ambayo sehemu yake kubwa ni mafuta ya mgando. Chekecha zinki oksidi kwa sababu inapenda kujikusanya. Iloweshe kwa parafini yote hadi iwe rojo laini. Changanya na sehemu ya ile marhamu nyeupe iliyoyeyushwa hadi ipate uzito, na uache ipoe hadi joto la chumba. Kosa la kawaida ni kuisaga ikiwa bado imeyeyuka: mnato haupo, rola zinateleza juu yake, na zinki inazama chini ya ndoo. Saga ikiwa imeganda. Mipito miwili kwa kawaida inatosha. Kisha changanya na marhamu nyeupe iliyobaki polepole bila kuingiza hewa.

Pima kwa kupaka utando mwembamba kwenye kioo na kuutazama kwa lenzi, halafu upake kidogo upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako na usugue. Ngozi pale inasikia chembe ambazo vidole vilivyozoea kazi havizisikii. Fikiria mtoto mwenye vipele vya nepi na utajua kwa nini mchanga hauruhusiwi. Marhamu ya macho ni habari nyingine kabisa, inataka chumba kisicho na vijidudu, na sio kazi ya karakana.

Kutengeneza dawa kwa kuuza kunahitaji leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu, na vipodozi vinahitaji alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Anza na karatasi hizo kabla ya kulipia mashine, kwa kuwa mpangilio wa chumba, maji na sakafu utaamuliwa na masharti yake.

Kusafisha na kulaza mashine

Panga siku kutoka rangi nyepesi kwenda nzito: nyeupe, manjano, nyekundu, buluu, nyeusi. Bonde likikaribia kuisha, fungua mianya kabla rojo haijakatika. Pitisha mafuta safi kidogo kuibeba iliyobaki, kisha zima, funga swichi kuu kwa kufuli na uweke ufunguo mfukoni mwako. Kufuta kwa kitambaa kufanywe rola zikiwa zimesimama na kuzungushwa kwa mkono. Ajali ninazozijua zimetokea wakati wa kusafisha kuliko wakati wa kusaga, kwa sababu kazi imeisha na akili imeshapanda matatu ya kurudi nyumbani.

Kwa wino na rangi tumia mafuta taa, si petroli, madirisha yakiwa wazi. Uchafu wake uuweke kwenye mapipa ya kukabidhiwa mtu mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Mifereji ya Viwandani inaishia Mto Ngong, na walio chini yake wanaotumia maji hayo hawakununua wino wako.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vina hatari ambayo wageni hawaiamini. Mafuta hayo yakikauka yanatoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinalishikilia hadi kinawaka chenyewe usiku bila kiberiti. Viweke kwenye debe la chuma lenye maji na mfuniko, nje ya jengo.

Paka rola utando mwembamba wa mafuta safi, ziache zikiwa zimeachana, ondoa maji yote kwenye mabomba yake. Halafu fungua daftari uandike tarehe, uzito wa rojo, mianya ya kila mpito, joto la maji yaliyotoka, na namba uliyoisoma kwenye grindomita baada ya kila mpito. Chini yake bandika kipande cha karatasi chenye mstari wa wino au rangi ya siku hiyo, uliouvuta kwa kibapa ukiwa bado mbichi.